Rafiki Akikosea: Haki za Binadamu Katika Sera ya Mambo ya Nje

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoanza kulitumikia dawati la haki za binadamu katika wizara ya mambo ya nje ilikuwa kuandika tamko la sentensi tatu. Katika nchi moja askari walikuwa wamewafyatulia risasi waandamanaji, na wizara ilitakiwa kusema neno kabla ya jioni. Niliandika kwamba serikali yetu "inalaani vikali" mauaji hayo. Mkurugenzi wangu alisoma, akayakata maneno yale mawili kwa kalamu, kisha akaniuliza bila kuinua macho: "Kabla hujachagua kitenzi, mwanangu, niambie hawa ni nani kwetu." Tamko lilitoka likisema kwamba tunafuatilia hali hiyo kwa karibu na tunazisihi pande zote zijizuie, ingawa ni upande mmoja tu uliokuwa na bunduki.

Asiyeijua kazi hii huenda akadhani kwamba vitenzi vya kidiplomasia ni mapambo. Kumbe vina ngazi yake, na kila mwenye kuisoma anaifahamu. Anayefuatilia yuko chini kabisa. Anayeeleza wasiwasi amepanda kipandio kimoja, na wasiwasi ukiitwa mkubwa amepanda cha pili. Anayesikitishwa ameshakubali kwamba jambo limetokea. Anayelaani amekubali kwamba lina mwenyewe. Na anayetaka uchunguzi huru amekwisha kusema, kwa adabu zote, kwamba hauamini uchunguzi wa mwenye nyumba. Balozi wa nchi inayotajwa hulisoma tamko la leo akiwa na lile la mwaka jana mkononi, na hulinganisha kitenzi kwa kitenzi kama mfanyabiashara anayelinganisha ankara.

Niliiacha kazi ile zamani, na sasa ninafundisha uhusiano wa kimataifa, lakini swali la mkurugenzi halijanitoka. Nimelikuta katika karibu kila tukio ambalo nimelichunguza tangu wakati huo. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama haki za binadamu zina nafasi yoyote ya kweli katika sera ya mambo ya nje au ni maneno matupu. Naona swali hilo limekaa upande. La kuuliza ni hili: je, kuna kitu chochote kinachomzuia ofisa asiulize "hawa ni nani kwetu" kabla ya kutenda, au kinachomlazimisha atende hata baada ya kuuliza na kupata jibu kwamba hawa ni rafiki? Mahali penye kitu hicho, haki za binadamu zina uzito. Pasipo nacho, zina kitenzi tu.

Mvutano huu umo katika msingi wenyewe wa utaratibu tulio nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika Ibara ya 2(7), unaukataza Umoja huo kuingilia mambo ambayo kimsingi ni ya ndani ya nchi; na katika Ibara za 55 na 56 unawafunga wanachama wote washirikiane kukuza heshima kwa haki za binadamu. Hati hiyo moja inafunga mlango na inatoa ufunguo. Haukupita hata mwaka mmoja kabla ufunguo haujajaribiwa: mwaka 1946 India ilipeleka mbele ya Baraza Kuu malalamiko kuhusu jinsi Afrika Kusini ilivyowatendea watu wenye asili ya Kihindi. Afrika Kusini ilijibu kwa Ibara ya 2(7), kwamba hayo ni mambo yake ya ndani. Baraza Kuu halikukubali, likalijadili suala hilo.

Watu husema kwamba India ilisukumwa na maslahi yake kwa kuwa wale walikuwa ndugu zake. Ni kweli, nami sioni aibu yoyote hapo. Sijapata kuona sera ya nje isiyo na maslahi ndani yake, na anayeitafuta ataitafuta hadi uzeeni. Kinachonishughulisha zaidi ni kilichofuata. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zililiunga mkono, hakuna iliyolipinga, na 8 hazikupiga upande wowote, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Mwaka 1962 Baraza Kuu liliwaomba wanachama wavunje uhusiano na utawala wa ubaguzi. Lilikuwa ombi tu. Mwaka 1963 Baraza la Usalama lilizitaka nchi ziache kuiuzia silaha. Hilo nalo halikuwa amri. Amri yenye nguvu ya kisheria, azimio namba 418, ilikuja Novemba 1977. Tangu malalamiko ya India hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 31, na sehemu kubwa ya muda huo uvunjaji wa haki haukuwa na mtu wa kuubishia. Kilichokosekana ni utayari wa wenye kura ya turufu kumfunga mkono mtu ambaye bado alikuwa na manufaa kwao.

Kama ningeruhusiwa kufundisha somo hili kwa tukio moja tu, ningechagua Dhaka ya mwaka 1971. Usiku wa tarehe 25 Machi jeshi la Pakistan lilianza kuwashambulia raia katika Pakistan Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, baada ya chama cha Wabengali kushinda uchaguzi. Konseli Mkuu wa Marekani mjini humo, Archer Blood, alianza kutuma simu za maandishi Washington akieleza kile ambacho watu wake walikuwa wakikiona, na siku chache baadaye simu mojawapo ilibeba kichwa cha habari kilichozungumzia mauaji ya kimbari ya kuchagua. Washington ilinyamaza. Tarehe 6 Aprili ilipelekwa simu nyingine, hii ikiwa na sahihi za maofisa 20 wa Marekani waliopinga msimamo wa serikali yao wenyewe, wakiilaumu kwa kushindwa kukemea ukandamizaji wa demokrasia na unyama uliokuwa ukifanyika.

Mtu anaweza kudhani kwamba wakubwa walinyamaza kwa sababu hawakuwa na taarifa, au hawakuziamini. Walizipata. Lakini Rais Nixon na mshauri wake Kissinger walikuwa wakimtumia kiongozi wa Pakistan, Yahya Khan, kama mlango wa siri wa kuifikia China. Na Julai mwaka huohuo Kissinger aliruka kwa siri kutoka Pakistan hadi Beijing. Hawa walikuwa nani kwao? Walikuwa njia. Blood aliondolewa Dhaka. Hakuna kitenzi kilichobadilika katika matamko ya serikali yake kwa sababu ya simu ile, ila karatasi ilibaki kwenye faili, na leo hakuna anayeweza kuandika historia ya mwaka ule akadai kwamba hawakujua. Ninaitaja kwa kirefu kwa sababu watu wengi huidharau kazi ya kuandika taarifa. Taarifa haimzuii mkubwa anayetaka kufumba macho. Inamnyima tu haki ya kusema baadaye kwamba palikuwa na giza.

Mwaka 1979 unatoa mfano wa namna nyingine, na sijui kwa nini haufundishwi mara nyingi zaidi. Mwezi Januari majeshi ya Vietnam yaliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, na kuuondoa utawala wa Pol Pot. Mwezi Aprili majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala na kuuondoa utawala wa Idi Amin. Tawala zote mbili zilikuwa zimeua watu wao kwa wingi wa kutisha. Nchi zote mbili zilizovuka mpaka zilikuwa zimeshambuliwa kwanza, na zote mbili zilijitetea kwa hoja ya kujilinda. Hakuna iliyoegemea haki za binadamu kama sababu ya kisheria. Serikali mpya ya Uganda ilitambuliwa haraka, na manung'uniko yaliyosikika katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika hayakuizuia. Lakini kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kiliendelea kukaliwa na wajumbe wa Khmer Rouge, kundi la Pol Pot, na baadaye na muungano ambao wao walikuwa ndani yake, kwa takriban muongo mzima, huku kura za nchi zilizojiita watetezi wa haki za binadamu zikiwaweka pale. Vietnam ilikuwa rafiki wa Moscow, wakati Amin alikuwa amebaki karibu bila rafiki. Vigezo vingine vyote vilikaribia kulingana.

Je, kuna kinachoweza kumfunga mtu mbele ya rafiki yake? Kipo, na mara nyingi ni kitu cha kuchosha: kifungu cha sheria, sharti ndani ya mkataba, ripoti yenye tarehe ya mwisho.

Katika miaka ya 1970 Bunge la Marekani, likiwa limechoshwa na vita vya Vietnam na mapinduzi ya Chile, lilianza kuandika masharti ya haki za binadamu ndani ya sheria za misaada na kuilazimisha wizara iandike ripoti za kila mwaka kuhusu nchi zinazosaidiwa. Jimmy Carter aliposhika urais mwaka 1977 akizungumzia haki za binadamu, alikuta mashine imekwisha kuanza kuundwa. Ripoti hizo zimelaumiwa sana, na lawama nyingi ni za haki, kwa kuwa zimewahi kulainishwa kwa ajili ya marafiki. Hata hivyo ninakumbuka athari yake kwa upande wa chini, upande ambao wasomi hawauoni. Palipo na ripoti ya kuandikwa, lazima kuwe na ofisa ubalozini mwenye kazi ya kuiandika. Ofisa huyo lazima awe na namba za simu za mawakili, za wahariri waliofungiwa magazeti, za wazazi wa vijana waliotoweka. Nimewahi kukutana na mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku, na ambaye kwa miezi kadhaa mtu pekee mwenye cheo aliyempokea simu alikuwa ofisa wa ubalozi wa nchi ya mbali, aliyehitaji kujaza aya moja ya ripoti. Aya haikumrudisha kijana. Lakini kituo kilichokuwa kikimshikilia kiliacha kukana kwamba kinamjua.

Sheria iliyopewa jina la Seneta Patrick Leahy, iliyoanza mwaka 1997, ilikwenda mbali zaidi kwa kushuka chini zaidi. Haiulizi kama nchi ni nzuri au mbaya. Inauliza kuhusu kikosi. Kikosi cha jeshi au polisi ambacho kuna taarifa za kuaminika kwamba kimetenda uvunjaji mkubwa wa haki hakitakiwi kupata msaada wa Marekani hadi wahusika wafikishwe mbele ya sheria. Naipenda sheria hii kwa umbo lake, kwa sababu inamwezesha ofisa mdogo kumwambia jenerali wa nchi rafiki: si mimi, ni sheria. Udhaifu wake ni kwamba neno "kuaminika" hupimwa na serikali ileile inayotaka kutoa msaada.

Na serikali inaweza kukataa kupima. Julai 2013 jeshi la Misri lilimwondoa madarakani Rais Mohamed Morsi. Sheria ya Marekani ilitaka msaada usitishwe pale ambapo serikali iliyochaguliwa imepinduliwa na jeshi. Serikali ya Obama ikaja na jibu ambalo, kama mtaalamu wa vitenzi, nililistaajabia: kwamba sheria hailazimishi kuamua kama yaliyotokea ni mapinduzi au siyo. Kwa hiyo haikuamua. Sehemu ya msaada ilizuiliwa baadaye mwaka huo, lakini neno lenyewe halikutamkwa.

Umoja wa Ulaya ulipita njia ya mikataba. Mkataba wa Cotonou, uliotiwa saini Juni 2000 kati yake na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, uliziita haki za binadamu, demokrasia na utawala wa sheria kuwa sehemu za msingi, na Ibara ya 96 ikaweka utaratibu wa mashauriano pale zinapovunjwa, na mwisho wake unaweza kuwa kusitishwa kwa misaada. Ukifuatilia jinsi ibara hiyo ilivyotumika utaona kwamba iliamshwa zaidi na mapinduzi kuliko mateso. Sababu ni ya kiofisi kabisa. Mapinduzi yana tarehe. Asubuhi fulani redio inapiga muziki wa kijeshi na kila mtu anajua kwamba mkataba umevunjwa. Mateso katika vituo vya polisi hayana asubuhi yake. Yanazidi kidogo kidogo, na hakuna siku ambayo ofisa wa dawati anaweza kusema kwamba ni leo.

Kwa sababu hiyo nimekuja kuamini kwamba tarehe ni silaha kubwa kuliko azimio. Tarehe 1 Agosti 1975 nchi 35 zilitia saini Hati ya Mwisho ya Helsinki. Urusi ya Kisovieti ilitaka mipaka iliyotokana na vita kuu ya pili itambuliwe, ikaipata. Kwa malipo ikakubali maneno kuhusu haki za binadamu na mawasiliano ya watu, ikiamini kwamba maneno ni maneno. Matini yote ilichapishwa katika magazeti yake. Mei 1976 mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake waliunda kundi mjini Moscow la kufuatilia kama nchi yao inatekeleza ilichosaini, na Januari 1977 raia wa Chekoslovakia walitoa tamko lililojulikana kama Mkataba wa 77. Orlov alikamatwa Februari mwaka huo na mwaka 1978 akahukumiwa miaka 7 ya kambi ya kazi na 5 ya kupelekwa mbali. Hapo kisa kingeishia kama vingine, isipokuwa kwamba hati ile ilikuwa imeweka mikutano ya kupitia utekelezaji. Belgrade mwaka 1977 na Madrid kuanzia 1980, wajumbe walikaa meza moja na waliowafunga akina Orlov, na majina ya wafungwa yakasomwa yakaingia katika kumbukumbu. Wapo wanaodai kwamba Helsinki iliangusha Ukuta wa Berlin. Mimi sifiki huko. Ninachoona ni kwamba raia walipewa karatasi yenye sahihi ya mtawala wao, na wanadiplomasia wakapewa siku ya kuiulizia.

Vikwazo nitavipitia haraka, kwa sababu vimeandikwa kupita kiasi. Vile vilivyowekwa dhidi ya Iraq mwaka 1990 viliwaumiza raia kiasi kwamba dunia ikahamia kwenye vikwazo vinavyomlenga mtu mmoja mmoja: akaunti yake na viza yake. Marekani ilitunga sheria ya Magnitsky, iliyopewa jina la Mrusi aliyefia kizuizini, mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukaweka utaratibu wake Desemba 2020. Ni chombo chepesi na safi, na ni rahisi kwa anayekitumia. Ndiyo maana kinapendwa, na ndiyo maana hakinishawishi sana kama kipimo cha dhati.

Kipimo changu cha dhati ni gharama. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza haikuchukua hatua dhidi ya walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, waliojitangazia uhuru wa wachache, na kwa kufanya hivyo ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi mno kwa nchi ya umri wa miaka 4. Ni nadra kuona msimamo wenye risiti ya wazi namna hiyo. Na ili nisimpake mtu mafuta, serikali hiyohiyo ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyoiruhusu kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Sidhani kwamba jambo la pili linalifuta la kwanza. Kama tungesubiri nchi isiyo na doa ndiyo iwasemee wengine, Baraza Kuu lingekuwa ukumbi mtupu.

Pingamizi hilo la doa husikika kila siku mjini Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu lenye wanachama 47. Oktoba 2022 liliombwa tu lijadili ripoti kuhusu Xinjiang, jimbo la China wanakoishi Waislamu wa Uyghur, si kulaani wala kuchunguza; kura 17 ziliunga mkono, 19 zikapinga, 11 zikajizuia. Anayeisoma orodha ya waliopinga akiwa na orodha ya wakopeshaji wao kando hatahitaji maelezo yangu.

Nimalizie na nchi iliyokataa kuliuliza swali la mkurugenzi. Mwaka 2018 Waziri wa Sheria wa Gambia, Abubacarr Tambadou, alikwenda Bangladesh kwenye mkutano badala ya waziri mwenzake, akafika katika kambi za Warohingya, Waislamu waliokimbia mauaji nchini Myanmar, huko Cox's Bazar. Aliwahi kufanya kazi katika mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na alichokisikia kambini alikitambua. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo iliyokuwa imetoka tu katika utawala wa mkono wa chuma, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki chini ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari, na Januari 2020 mahakama ikatoa amri za muda za kuwalinda Warohingya. Myanmar ilipinga: Gambia haina mpaka na sisi, haikuumizwa na chochote, hawa ni nani kwake? Julai 2022 mahakama ilitupa pingamizi hilo. Kila nchi iliyojiunga na mkataba ule, ilisema, ina haki ya kudai utekelezwe, hata kama haikuguswa kwa namna ya pekee.

Tarehe 15 Novemba 2023 Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Kanada, Denmark na Uholanzi ziliwasilisha kwa pamoja tamko la kuingia katika kesi hiyo ili kutoa maoni yao kuhusu tafsiri ya mkataba. Wiki 6 baadaye Afrika Kusini iliishtaki Israeli mbele ya mahakama ileile, chini ya mkataba uleule. Januari 2024 Ujerumani ilitangaza kwamba inayakataa mashtaka hayo na kwamba inakusudia kuingia katika kesi hiyo pia, safari hii kwa upande wa mshtakiwa.